Upanga, Dirii na Picha Ukutani: Mchezo wa Video Unamfunza Mwanafunzi Historia Gani?

Majuma machache yaliyopita, mpwa wangu aliye katika shule ya sekondari alinijia akiwa na daftari lake la Historia mkononi na kinyongo moyoni. Mwalimu wake alikuwa amewapa wanafunzi insha fupi kuhusu wavumbuzi mashuhuri wa ulimwengu, naye akachagua kumwandika Leonardo da Vinci. Alieleza kwamba Leonardo alizaliwa mwaka 1452, kwamba alikuwa mchoraji na mhandisi, na kwamba aliunda mashine yenye mabawa iliyombeba mtu usiku juu ya mapaa ya Venice. Mwalimu aliipiga sentensi hiyo ya mwisho mstari mwekundu, akaandika pembeni neno moja tu: "Uongo."

"Lakini Mjomba," kijana akanilalamikia, "hiyo mashine nimeirusha mwenyewe!"

Alikuwa ameirusha kweli, ila ameirusha kwenye kioo cha televisheni, katika mchezo wa video uitwao Assassin's Creed II ambao kampuni ya Ubisoft iliutoa mwaka 2009. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa tayari amekata shauri kuufungia mtambo huo kabatini. Mwalimu naye, kwa mujibu wa kijana, alikuwa amewaonya wanafunzi wote waachane na upuzi wa aina hiyo. Basi nikaombwa niwe kadhi. Makala haya ndiyo hukumu yangu, nami naitoa hadharani kwa kuwa naamini kesi kama hii imo katika nyumba na madarasa mengi humu nchini.

Kadhi mwadilifu hahukumu kabla ya kusikiliza pande zote mbili. Kwa hivyo niliketi na kijana jioni kadhaa nikautazama mchezo wenyewe, nikimwachia yeye vidude vya kuchezea, kwa maana vidole vyangu vimezoea chaki. Niliyoyaona yalinistaajabisha, mengine kwa uzuri, mengine kwa ubaya.

Kisa chenyewe ni cha kubuni. Ezio Auditore, kijana wa ukoo wenye mali katika mji wa Florence, anashuhudia babake na nduguze wawili wakinyongwa hadharani kwa hila za maadui. Tangu mwaka 1476 hadi 1499 anasafiri katika miji ya Italia akiwasaka waliohusika. Hata hivyo, kijana huyu wa kubuni anatembea miongoni mwa watu waliokuwako kweli. Anakutana na Leonardo da Vinci, Lorenzo de' Medici, Caterina Sforza, Niccolò Machiavelli, na Rodrigo Borgia ambaye mwaka 1492 alikuwa Papa Alexander wa Sita. Huu ndio wakati ambao wanahistoria huuita Renesansi, yaani kuzaliwa upya, kwa maana elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi wa kale zilifufuliwa na kutiwa uhai mpya.

Yapo mambo ambayo mchezo huu unayaeleza kwa uaminifu kuliko vitabu vingi vya kiada. Mathalani, tarehe 26 Aprili 1478, katika kanisa kuu la Florence, watu wa ukoo wa Pazzi na washirika wao waliwavamia ndugu wawili wa ukoo wa Medici wakati wa ibada. Giuliano aliuawa, Lorenzo alijeruhiwa shingoni lakini akaokoka. Mpwa wangu alinisimulia tukio hilo kwa ufasaha ambao ningependa kuuona katika karatasi za mtihani. Aliongeza, bila shaka, kwamba Ezio ndiye aliyemwokoa Lorenzo. Hapo ndipo chumvi ilipozidi mchuzi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowavutia vijana zaidi ya kisa chenyewe, nalo ni kukusanya vitu. Mchezaji hapigani tu. Yeye ni mkusanyaji. Ezio ana makao yake Monteriggioni, mji mdogo uliozungushiwa ukuta karibu na Siena. Mji huo upo hadi leo, na ukuta wake ulijengwa na watu wa Siena mwanzoni mwa karne ya 13. Jumba la akina Auditore ndilo halipo. Katika jumba hilo la kubuni mna chumba cha kutundikia silaha, chumba cha kuwekea deraya, na ukumbi wa picha. Kuta hizo huwa tupu mwanzoni, na kiu ya mchezaji ni kuzijaza.

Mimi ni mtu wa lugha, na niliposoma majina ya silaha zile nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. Kuna upanga uitwao schiavona. Jina hilo lina maana ya upanga wa Kislavi, kwa sababu ulihusishwa na askari wa pwani ya Dalmatia walioitumikia Venice. Kutoka mzizi huohuo Waitalia wana neno schiavo, yaani mtumwa. Na kutokana na usemi wa watu wa Venice wa kujinyenyekeza, "mimi ni mtumwa wako," likatokea neno ciao ambalo leo hutumiwa kusalimiana na kuagana duniani kote. Ajabu ya lugha ni hiyo: taifa, utumwa, upanga na salamu, vyote katika ukoo mmoja wa maneno.

Kuna pia jambia pana liitwalo cinquedea, na jina lake lamaanisha vidole vitano, kwa kuwa upana wa bapa lake karibu na mpini ulikadiriwa kwa vidole vya mkono. Sisi tunaopima kwa shibiri na dhiraa hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Halafu kuna stiletto, kisu chembamba chenye ncha kali, kilichofaa kupenya katika nyufa za maungio ya deraya. Asili ya jina hili ni neno la Kilatini stilus, yaani kile kijiti chenye ncha ambacho Warumi walikitumia kuandikia juu ya vibao vilivyopakwa nta. Kwa hiyo kalamu ilizaa jambia. Mwalimu anayetafuta njia ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi maana za maneno zinavyohama hatapata mfano ulio bora kuliko huo, na mfano huo umo katika mchezo anaoupiga marufuku.

Katika deraya vilevile mna elimu. Mchezo unauza mavazi ya chuma ya daraja mbalimbali, na mawili kati ya madaraja hayo yamepewa majina ya mafundi halisi. Missaglia walikuwa ukoo wa wafua deraya wa Milan, ambao kazi yao ilitafutwa na wakuu wa nchi nyingi. Helmschmied walikuwa mafundi wa Augsburg katika Ujerumani, na mmoja wao, Lorenz, alimfulia deraya Maliki Maximilian wa Kwanza. Lakini Ezio anaingia dukani, analipa florini zake, anatoka amevaa. Hali haikuwa nyepesi hivyo kwa bwana mkubwa wa wakati ule. Dirii yake ilifuliwa kwa kipimo cha mwili wake yeye, kifua kwa kifua na goti kwa goti, kwa sababu deraya kamili ya vitani yenye uzito wa takriban kilo 20 hivi ilipaswa kumkaa sawasawa ili aweze kupanda farasi, kuinama na kupigana. Isipomkaa, ilimgeukia ikawa jeneza lake.

Hadi hapa makosa ni madogo, nami ningeweza kuyasamehe. Hata ile mashine ya kuruka haikunitia wasiwasi mkubwa. Leonardo alichora mashine nyingi za kuruka, na mwanzoni mwa karne ya 16 aliandika daftari zima kuhusu namna ndege wanavyoruka. Hatuna ushahidi kwamba hata moja kati ya mashine hizo iliwahi kumbeba mtu hewani. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa sentensi mbili. Kosa linalonikosesha usingizi ni lile lisiloonekana kuwa kosa, nalo limetundikwa katika ukumbi wa picha.

Katika kila mji, Ezio anakuta mchuuzi wa sanaa mwenye duka lake. Mchuuzi anamwonyesha orodha ya picha na bei zake. Ezio ananunua, na picha inakwenda kutundikwa ukutani kule Monteriggioni. Kila picha inayotundikwa inaongeza thamani ya jumba, na thamani ya jumba ikiongezeka, mapato ya mwenye jumba nayo yanaongezeka. Nilimwuliza mpwa wangu anaionaje ile picha ya Botticelli ya kuzaliwa kwa Venus. Akanijibu bila kusita, "Hiyo ni ya bei kubwa, Mjomba, lakini inalipa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Picha hiyo, mpenzi msomaji, ilichorwa katika miaka ya 1480 na sasa imo katika jumba la makumbusho la Uffizi mjini Florence. Urefu wake unakaribia meta 2.8 na kimo chake kinapita meta 1.7. Haikuwa kitu cha kuning'inizwa kwenye kibanda cha mchuuzi kando ya njia. Kazi kubwa za wakati ule ziliagizwa. Mtu, chama, hospitali au nyumba ya watawa iliafikiana na mchoraji, mara nyingi kwa mkataba ulioandikwa, juu ya mambo yatakayochorwa, muda wa kazi, malipo, hata aina ya rangi. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alitia sahihi mkataba wa kuchora picha ya mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa ajili ya hospitali ya watoto waliotupwa mjini Florence. Mkataba huo ulimtaka atumie rangi ya buluu yenye thamani ya florini nne hivi kwa aunsi moja. Buluu ya namna hiyo ilisagwa kutokana na jiwe la lajwardi lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, nchi ambayo leo ni Afghanistan. Hebu fikiri: picha ya madhabahuni ya kuwafariji mayatima wa Florence ilihitaji jiwe lililovuka nusu ya Asia. Katika orodha ya mchuuzi wa Ezio, mayatima hawapo, wachimbaji hawapo, na wachukuzi hawapo. Imebaki bei peke yake.

Najua wapo watakaonipinga, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: je, akina Medici wenyewe hawakukusanya picha na vito ili kujitukuza? Walikusanya. Lorenzo alipofariki mwaka 1492, vitu vya jumba lake viliorodheshwa na kutiwa bei. Lakini tazama bei hizo zasemaje. Kikombe kimoja cha jiwe kilichonakshiwa zamani za kale, ambacho siku hizi huitwa Tazza Farnese na kimehifadhiwa Naples, kilikadiriwa kuwa na thamani ya florini 10,000. Picha nyingi za wachoraji tunaowatukuza leo zilikadiriwa makumi ya florini tu. Kama bei ndiyo kipimo cha thamani, basi karne nzima ya wachoraji wa Florence haikufikia kikombe kimoja. Orodha ya Lorenzo yenyewe inatufunza kwamba bei ni habari kuhusu wanunuzi, si habari kuhusu sanaa.

Isitoshe, sanaa ya siku zile haikuwa pambo lililojitenga na upanga. Baada ya wale wala njama wa 1478 kunyongwa, Botticelli aliagizwa kuchora sura zao ukutani mahali pa hadhara, ili iwe onyo kwa wengine. Muuaji mmoja, Bernardo Bandini, alikuwa ametorokea Constantinople. Akarudishwa, akanyongwa mwishoni mwa 1479. Leonardo, aliyekuwa kijana wa miaka 27, alisimama akachora maiti yake ikining'inia na kuandika kando rangi za nguo alizovaa. Tarehe 7 Februari 1497, wafuasi wa mtawa Savonarola walirundika uwanjani vioo, vinyago vya sherehe, vitabu na picha, wakavitia moto. Mwaka uliofuata Savonarola mwenyewe alinyongwa na kuchomwa katika mji uleule. Katika mchezo, chumba cha silaha na ukumbi wa picha ni vyumba viwili. Katika Florence halisi kilikuwa chumba kimoja.

Hata hivyo, haki ya mtu apewe. Kuna mkusanyo mmoja katika mchezo huu ambao ulinigusa. Petruccio, ndugu mdogo wa Ezio aliyekuwa mgonjwa, alipenda kukusanya manyoya ya tai. Baada ya kunyongwa kwake, mama yao anakuwa bubu kwa huzuni, amepiga magoti kando ya kitanda bila kumsemesha mtu. Yapo manyoya 100 yaliyotawanyika juu ya mapaa ya miji, na Ezio akiyapata huyatia katika kisanduku chumbani mwa mama. Yakitimia, mama anasema tena. Manyoya hayo hayana bei dukani.  Lakini nilipomwuliza mpwa wangu ni kitu gani alichokitafuta kwa bidii zaidi, hakutaja upanga wala dirii. Alitaja manyoya. Kumbe watunzi wa mchezo wanaijua tofauti kati ya bei na thamani, na watoto wetu wanaijua pia, ila hatujawapa maneno ya kuisemea.

Tofauti hiyo si falsafa tupu. Mwaka 1737, Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo mkuu wa Medici, alitia sahihi mapatano kwamba hazina yote ya sanaa ya ukoo wake ibaki Florence na isiondolewe kamwe katika mji huo. Alikuwa na haki ya kuviona vitu vile kuwa mali yake. Akachagua kuviona kuwa amana. Uffizi ilifunguliwa kwa umma mwaka 1769, na ni kwa sababu ya mama huyo kwamba mtu yeyote anaweza leo kusimama mbele ya picha ile ya Botticelli bila kuimiliki.

Nasi huku kwetu tumeuonja uchungu wa upande wa pili. Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizonakshiwa, ziitwazo vigango, na kigango kikishasimamishwa hakipaswi kung'olewa. Vingi viling'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na wachuuzi, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani vikiwa vimetundikwa ukutani kama picha za Ezio. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine vimefuata baadaye. Aliyekinunua kigango hakukusudia, pengine, kumwibia mtu babake. Aliona kitu kizuri chenye bei. Yeye pia alifunzwa na orodha ya mchuuzi.

Basi hukumu yangu ni ipi? Mtambo usifungiwe kabatini. Ukifungiwa, kijana ataufuata katika vibanda vya mitaani, na huko hatapata mtu wa kumwuliza swali. Lakini mwalimu na mzazi nao wasiuachie mchezo kazi ya kufundisha. Nawapendekezea walimu wenzangu zoezi ambalo halihitaji mtambo wala umeme darasani. Mwanafunzi achague kitu kimoja alichokipata mchezoni, uwe upanga, dirii au picha, kisha ajibu maswali matatu. Je, kitu hiki kilikuwako kweli, na tunajuaje? Nani alikitengeneza, kwa ajili ya nani, na kwa malighafi kutoka wapi? Kiko wapi leo, na kimefikaje huko? Swali la kwanza litaiangusha ile mashine ya Venice bila haja ya wino mwekundu. La pili litawarudisha mafundi na wachimbaji waliofutwa. La tatu ndilo zito zaidi, na ndilo litakalomfikisha mwanafunzi nyumbani.

Kwa wanafunzi walio pwani au wanaoweza kufika huko, zoezi lina sehemu ya nne. Miaka ya mchezo huu si ngeni kwetu: mwezi wa Aprili 1498, wakati Savonarola akingojea kifo chake Florence, Vasco da Gama alikuwa akitia nanga Mombasa na Malindi. Na ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilisanifiwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu utaona umbo linalokumbusha mwili wa binadamu, kwa kufuata imani ya Renesansi kwamba mwili huo ndio kipimo cha uwiano kamili. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Maneno ya wakati huo bado tunayo vinywani. Gereza latokana na neno la Kireno la kanisa, na chapeo, ile kofia ya vita ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kutoka Waefeso sura ya 6 pamoja na dirii, ngao na upanga, latokana na neno la Kireno la kofia. Mwanafunzi anayezijua deraya za Missaglia kwa majina anaweza pia kuyajua haya, na hayatamgharimu hata florini moja.

Mpwa wangu aliiandika upya sentensi yake. Sasa inasema kwamba Leonardo alichora mashine za kuruka baada ya kuwachunguza ndege, lakini hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuruka hata moja. Alama zake hazikubadilika, wala sikutarajia zibadilike. Lakini safari hii mwalimu aliandika pembeni: "Umejuaje?" Hilo ndilo swali la Historia. Laiti tungeanza nalo.